Kabla ya kununua nyumba, mchunguze dalali

Katika soko la nyumba la Dar es Salaam, bidhaa haina duka. Nyumba inayouzwa Sinza, Tabata au Mbagala haiwekwi rafuni. Habari zake zimo kichwani mwa dalali, anayekaa kijiweni penye kibao cha "nyumba na viwanja", au siku hizi anayetuma picha kwa simu. Ndiyo maana mfanyabiashara aliyeweka akiba miaka kumi na mitano hukuta kuwa uamuzi wake wa kwanza si nyumba ipi anunue, bali dalali yupi amfuate. Akikosea hapo, akiba yote inaweza kuyeyuka kwa siku moja.

Swali la kwanza ni la hesabu: dalali huyu anakula wapi? Kwa kawaida hulipwa sehemu ya bei, tena pale tu biashara inapokamilika. Chukua mfano wa nyumba ya shilingi milioni 80 na dalali wa asilimia 5. Malipo yake ni milioni 4. Mnunuzi akishusha bei hadi milioni 75, anaokoa milioni 5, wakati dalali anapoteza shilingi 250,000 tu. Upungufu huo haumsumbui sana. Kinachomuuma ni biashara kuvunjika, kwa sababu hapo anakosa zote. Basi mnunuzi asishangae kuona dalali ana haraka kuliko mwenye nyumba.

Hesabu ya pili ni ile iitwayo "cha juu". Mwenye nyumba anataka milioni 72, dalali anamtajia mnunuzi milioni 80, na milioni 8 za katikati zinaingia mfukoni mwake, mbali na malipo yake ya kawaida. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, humtaka wakala amtolee hesabu aliyemtuma, lakini hesabu isiyoulizwa haitolewi. Dawa yake ni moja: mnunuzi akutane na mwenye nyumba uso kwa uso, bei itajwe mbele ya wote watatu, na malipo ya dalali yaandikwe kwenye karatasi pamoja na jina la anayeyatoa. Dalali anayezuia mkutano huo kwa visingizio amekwisha jieleza.

Dalali anayefaa hutambulika kwa mambo ya kawaida. Ana mahali panapojulikana, ana leseni ya biashara na namba ya mlipakodi, na wapo watu aliowauzia nyumba ambao mnunuzi anaweza kuwatembelea. Anajua mtaa wake: wapi maji hujaa wakati wa masika na kiwanja kipi kina kesi. Zaidi ya yote, hutoa nakala ya hati mapema bila kuombwa mara tatu, maana anajua kuwa mnunuzi makini ataipeleka kufanyiwa upekuzi.

Upekuzi hufanywa katika ofisi ya Msajili wa Hati, kwa ada ndogo ukilinganisha na bei ya nyumba. Huonyesha jina la mmiliki aliyesajiliwa, muda wa hati, na kama kuna rehani ya benki au zuio la mahakama. Nyumba iliyowekwa rehani inaweza kuonyeshwa kwa wanunuzi ikiwa imepakwa rangi mpya, na rangi haisemi deni. Kwa nyumba zisizo na hati, leseni ya makazi huulizwa katika halmashauri, na uongozi wa serikali ya mtaa pamoja na majirani wa pande zote huhojiwa kuhusu mipaka na mwenye mali. Kazi hii mnunuzi aifanye mwenyewe au kwa wakili wake. Kumwachia dalali ni sawa na kumwachia muuzaji apime mzani.

Iko pia mitego ya ndani ya familia. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Nyumba ya marehemu huuzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, si na mtoto mkubwa kwa kuwa ndiye anayeshika funguo. Dalali mzuri huuliza mambo haya kabla ya mnunuzi. Dalali mbaya husema, "Hayo yatamalizwa baadaye."

Hatari kubwa huja kwenye fedha ya kwanza, ile inayoitwa kishika uchumba. Mnunuzi huambiwa kuwa yuko mteja mwingine njiani na fedha taslimu, basi atoe milioni 3 leo "kuishika nyumba". Fedha hiyo ikiingia mkononi mwa dalali bila maandishi, kuirudisha ni shughuli. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 inataka mkataba wa kuhamisha ardhi uwe wa maandishi ili mahakama iutekeleze. Kwa hiyo hata malipo ya awali yangoje karatasi inayotaja nyumba, bei, na masharti ya kurudishiwa, kisha yapitie benki hadi akaunti ya mwenye nyumba aliyetajwa kwenye hati.

Malipo ya dalali nayo yana wakati wake. Mapatano yaliyo salama kwa mnunuzi ni kumlipa sehemu mkataba unapotiwa saini, na iliyobaki uhamisho unapokamilika na jina la mmiliki mpya kuingia katika daftari la Msajili. Dalali anayekubali mpango huo anaiamini nyumba anayoiuza.

Wapo watakaosema wamenunua bila kuhangaika na haya na wako salama. Wapo. Lakini mfanyabiashara hakopeshi gunia la mchele kwa mtu asiyemjua, sembuse akiba ya nusu ya maisha yake. Wazee wa biashara walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa nyumba, daftari hilo ni la Msajili wa Hati, na dalali wa kufuata ni yule asiyeogopa lifunguliwe.