Mwanafunzi akiunda redio, 'kipaza sauti' ni kipi?

NENO "kipaza sauti" limebebeshwa mzigo mzito. Kwenye mkutano wa hadhara, kile anachoshika mwanasiasa mkononi ni kipaza sauti. Lile dude kubwa lililofungwa juu ya gari pia ni kipaza sauti. Na kisanduku cha katikati kinachoipa sauti nguvu, nacho ni hicho hicho! Mkutanoni hatupotei kwa kuwa tunajionea. Lakini hebu mpe mwanafunzi wa Kakamega maelezo ya kuunda redio kwa Kiswahili, uone.

Chukua redio ya fuwele, iliyo sahili kuliko zote. Haitaki betri wala stima. Mawimbi yenyewe ndiyo huipa nguvu. Inahitaji eriali ya waya ya mita 20 hivi, waya wa ardhi uliofungwa kwenye chuma kilichopigiliwa udongoni, na koili ya waya wa shaba uliozungushwa mara 80 hivi kwenye kopo la plastiki lenye upana wa sentimita 6. Kisha kuna kapasita ya kuteua stesheni, na dayodi ya gerimaniamu. Dayodi hii imechukua nafasi ya jiwe la galena, ambalo Jagadish Chandra Bose wa India alipewa hataza yake Marekani mwaka 1904. Huruhusu umeme kupita upande mmoja tu, na hivyo kuibua sauti iliyobebwa na mawimbi. Redio hii hunasa AM, si FM, na huhitaji stesheni yenye nguvu.

Sauti inayotoka ni hafifu mno. Ndipo tunaongeza saketi ndogo yenye chipu ya LM386, betri ya volti 9 na spika ya omu 8. Sasa mwambie mwanafunzi: "Unganisha dayodi na kipaza sauti." Kipi? Akiiunganisha na spika moja kwa moja, hatasikia chochote. Atadhani redio ni mbovu, au mbaya zaidi, kwamba sayansi haimtaki. Kumbe kosa ni la sentensi.

Sarufi inaweza kutuokoa. Kitenzi "paa" huzaa "paza", yaani kufanya kitu kiende juu. "Kua" huzaa "kuza", yaani kufanya kitu kiwe kikubwa. Chipu ile haipeleki sauti popote. Huchukua umeme mdogo ikaufanya mkubwa. Basi hiyo ni kikuza sauti. Kinachoipaza sauti ikajaa chumbani ndicho kipaza sauti, au spika kama wasemavyo mafundi wetu wa jua kali. Kile cha mkononi kiwe maikrofoni, yaishe. Sioni aibu ya kukopa neno pale linapotuondolea utata.

Kuna sentensi nyingine inayonitia wasiwasi zaidi: "Mvua ikinyesha, teremsha eriali." Ni Kiswahili sanifu, ila ni hatari. Kakamega ni eneo la radi, hasa alasiri, na kiambishi "-ki-" hapo kinamtuma mtoto kushika waya mrefu huku ngurumo zikirindima. Sema: "Teremsha eriali kabla mawingu hayajatanda. Ukisikia ngurumo, usiiguse kabisa." Ongeza pia kwamba isipitishwe karibu na nyaya za stima.

Mtaala wa umilisi unamtaka mwanafunzi atende, si kukariri tu. Anayetenda hufuata maneno kwa mikono yake, na mikono haina subira na utata. Wanaodai Kiswahili hakiwezi sayansi wanakosea, istilahi tunazo. Tunachokosa ni makubaliano: kila kifaa kiwe na jina lake, na waandishi wa vitabu, walimu na wanahabari walitumie jina hilo hilo.