Fahamu Jinsi Uchovu na Mrama wa Chombo Vinavyopunguza Umakini wa Baharia

Usalama wa safari ya majini hautegemei uimara wa chombo na hali ya hewa pekee, bali pia uwezo wa anayekiongoza kuwa macho, kufikiri na kuamua kwa wakati.

Tarehe 3 Aprili, 2010 meli ya makaa ya mawe ya China, Shen Neng 1, ilipanda mwamba katika eneo la Great Barrier Reef nchini Australia baada ya kutogeuzwa mahali palipopangwa. Uchunguzi ulibaini kuwa afisa aliyekuwa zamu alikuwa amelala takribani saa mbili na nusu tu katika saa 38 zilizotangulia.

Majaribio ya kisayansi yanaonesha kuwa mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hutenda polepole kama mwenye asilimia 0.05 ya pombe katika damu. Hatari huwa kubwa zaidi kati ya saa 9 na saa 11 alfajiri, mwili unapodai usingizi.

Mrama, yaani kuyumba kwa chombo, huongeza mzigo huo. Misuli hufanya kazi wakati wote ili kuuweka mwili sawa, na usingizi hukatika. Aidha, ndani ya meli macho huona chumba kimetulia ilhali sikio la ndani huhisi mwendo. Mgongano huo huleta kichefuchefu, kizunguzungu na usinzizi.

Kwa sababu hiyo, Mkataba wa Kimataifa wa mwaka 1978 kuhusu mafunzo, vyeti na zamu za mabaharia, pamoja na marekebisho yake, unataka baharia wa zamu apumzike angalau saa 10 katika kila saa 24, na saa 77 katika kila siku saba. Saa hizo 10 hugawanywa katika vipindi visivyozidi viwili, kimoja kisipungue saa sita. Kumbukumbu zake hutunzwa melini.

Mkataba huo hauvihusu vyombo vya uvuvi wala vya mbao vya jadi. Hata hivyo, mwili wa nahodha wa jahazi huchoka vilevile, hususan msimu wa kusi bahari inapochafuka. Hivyo, ni muhimu kulala kabla ya kung'oa nanga na kupokezana usukani. Abiria nao hawapaswi kumshinikiza nahodha aliyechoka aondoke, kwani kuchelewa kufika ni afadhali kuliko kutofika.