Moto Hausubiri Mashua

WIKI hii tuyaweke kando mambo ya mapenzi na mitindo ya nywele, tuongee ishu ya moto. Usikunje uso, msomaji. Inakuhusu, hasa wewe unayeota kwenda visiwani kujenga vibanda viwili vitatu vya makuti, uwakodishie watalii, uhesabu dola.

Chukua mfano wa Fundo, kisiwa kilichoko magharibi ya Pemba, upande wa Wete. Bahari safi, matumbawe, wavuvi na mashua zao. Pa kupumzikia hasa! Lakini daraja hakuna. Kibanda kikishika moto saa nane za usiku, gari la Kikosi cha Zimamoto na Uokozi, hata likijaa maji pomoni, litaishia Wete kwenye ukingo wa bahari. Huko Fundo zimamoto wa kwanza ni wewe mwenyewe, na kwanza lazima uamshwe.

Nani atakuamsha? Wengi hudhani harufu ya moshi itamtoa mtu usingizini. Wapi bwana! Ukilala, pua nayo inalala. Moshi unaingia taratibu, unakulevya, unazidi kukoroma. Watu wengi wanaokufa kwenye nyumba zinazoungua huuawa na moshi kabla ndimi za moto hazijawafikia. Masikio ndiyo yanayobaki zamu.

Ndipo kinapokuja king'ora cha moshi, kidude cha duara kama kisosi, kinachobandikwa darini. Vingi ndani yake vina mwanga mdogo. Moshi ukiingia unautawanya ule mwanga, na hapo kinapiga kelele ya kumwamsha hata mlevi. Kinatumia betri, kwa hiyo umeme ukikatika hakijali.

Wenzetu wameshalifanya sheria. Uingereza, tangu Oktoba 2015, mwenye nyumba ya kupangisha lazima aweke kimoja kila ghorofa. Ufaransa, tangu Machi 2015, kila nyumba inatakiwa iwe nacho. Kwa hiyo mgeni wako kwao amekizoea. Zanzibar nako biashara ya kulaza watalii si ya kienyeji: Sheria ya Utalii ya 2009 inataka leseni. Basi ukishapata leseni usiringe na shuka nyeupe tu, mlinde na huyo anayelala juu yake.

Sasa tusidanganyane. Ukikifunga kwenye jiko la mafiga matatu kitalia kutwa, na siku ya tatu utang'oa betri kwa hasira. Mahali pake ni chumba cha kulala na ukumbi wa nje ya vyumba, angalau mita 3 kutoka panapopikwa. Kila mwezi bonyeza kitufe usikie kama kiko hai. Kikifika miaka 10, kitupe, nunua kingine.

Na makuti? Hapo kuna kasheshe. Upepo unapenya, moshi unatorokea juu, king'ora kinaweza kuchelewa, na makuti makavu yakishika hayana mjadala. Kwa hiyo jiko lijengwe mbali na chumba cha mgeni, ndoo za mchanga na maji ziwe karibu, na dawa ya mbu ya kuwasha isikae karibu na chandarua.

Jingine: king'ora cha moshi hakiinusi ile gesi ya jiko la mkaa, isiyo na rangi wala harufu. Hiyo ina king'ora chake. Jiko la mkaa lenye moto usilale nalo ndani, hata kuwe na baridi ya namna gani.

Na wewe wa mjini usicheke watu wa visiwani. Wewe umejifungia kwa nondo madirishani na kufuli mlangoni, funguo hujui umeiweka wapi. Septemba 2020, wanafunzi 10 walikufa bweni la Shule ya Msingi ya Kiislamu Byamungu, Kyerwa mkoani Kagera, lilipoungua usiku. Kengele bila mlango wa kutokea ni kelele tu. Leo kabla hujalala, hakikisha dirisha moja linafunguka, na kila mtu nyumbani anajua funguo inakaa wapi.

Tahadhari kabla ya hatari, jamani. Tukijaaliwa, wiki ijayo tutarudi kwenye mapenzi.