Oili Chafu Si Dawa ya Sungura

"Daktari, oili chafu nimpake mara ngapi kwa wiki?" Wafugaji wa sungura wananianza hivyo, awe mwenye sungura mmoja wa watoto pale uani au mwenye mabanda yaliyopangwa ghorofa kwa ghorofa. Hawaulizi kama inafaa. Hilo lilishaamuliwa kwa jirani, au kwa fundi gereji aliyewajazia chupa bure. Wanachotaka kwangu ni kipimo. Kipimo ni hiki: hata tone moja usipake.

Najua imani hii ilivyoanza. Sungura ana ukurutu, masikio yamejaa maganda ya kahawia, pua imekauka na kupasuka. Anapakwa oili iliyomwagwa kutoka kwenye injini, na siku chache baadaye maganda yanalainika na kudondoka, mnyama anaonekana ametulia. Habari inasambaa mtaa mzima. Lakini maganda hulainishwa na mafuta yoyote, hata ya alizeti, na mafuta mazito huweza kuwaziba pumzi baadhi ya wadudu walio juu ya ngozi. Kazi yake inaishia hapo. Mayai yanabaki. Ukurutu wa pua, midomo na kucha huletwa na mdudu aitwaye Sarcoptes, ambaye jike lake huchimba njia ndani ya ngozi na kutaga humo humo, mahali ambapo kupakapaka juu hakumfikii. Baada ya wiki mbili tatu kizazi kipya kinaibuka, na mfugaji anarudia chupa yake, safari hii kwa mkono mzito zaidi.

Na huko "kutulia" nako kusiwadanganye. Sungura huliwa na karibu kila mnyama mwenye meno, kwa hiyo ameumbwa kuficha udhaifu. Mwenye maumivu makali hukaa kimya kwenye kona, macho nusu wazi. Mfugaji anasema dawa imemkolea.

Sasa tuitazame hiyo oili. Inapotoka kwenye injini imebeba masizi, chembe za metali iliyosagika, masalia ya petroli au dizeli, na kemikali zinazojulikana kusababisha saratani. Unaipaka kwenye ngozi iliyochubuka, isiyo na kinga. Kisha unamwacha mnyama ambaye kazi yake kubwa baada ya kula ni kujiramba. Mwangalieni akishapakwa: anakaa kwa miguu ya nyuma, analamba viganja vya mbele, anavipitisha usoni mara kadhaa, halafu anavuta sikio moja chini kwa viganja vyote viwili na kulilamba hadi ncha, kisha la pili. Oili iliyopakwa asubuhi, mchana nyingi iko tumboni. Mbwa angetapika. Sungura hawezi kutapika kabisa, umbile lake halimruhusu. Kilichoingia lazima kipite kote. Tena hupumulia pua tu, na pua ndiyo hasa mnayoipaka. Akivuta pumzi, mafuta yanaelekea kwenye mapafu. Wengine huletwa kwangu wakiwa hivyo: pamba yenye maji ya uvuguvugu nikiipitisha mdomoni inatoka nyeusi, na mwenye sungura ananieleza kwamba "amegoma kula tu". Sungura aliyegoma kula yuko hatarini, maana utumbo wake ukisimama siku nzima anaweza kufa.

Msinijibu kwamba babu alimpaka ng'ombe akapona. Ng'ombe wa kilo 300 na sungura wa kilo 2 hawabebi sumu sawa, na huyo ng'ombe hakuna aliyempasua kuona ini lake.

Kinachonikera zaidi ni kwamba dawa ipo, na mara nyingi imo kwenye duka lile lile la dawa za mifugo mnalopita mkienda gereji. Inaitwa ivermektini. Ilianza kutumika kwa mifugo mwaka 1981, na mwaka 2015 Satoshi Ōmura na William Campbell walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi iliyoizaa. Hatari yake iko kwenye kipimo. Chupa ya asilimia 1 imeandikwa kwa ajili ya ng'ombe. Sungura wa kilo 2 anahitaji mililita 0.04 hadi 0.08 tu, chini ya ngozi, kwa bomba dogo la insulini. Mchome kwa kukisia na unaweza kumuua kwa dawa nzuri. Apime mtaalamu wa mifugo, arudie baada ya siku 14, na kwa kawaida tena mara ya tatu. Kama unafuga kwa nyama, muulize usichinje mpaka lini.

Mengine kwa haraka. Tibu sungura wote wa banda, hata wasiojikuna, na siku hiyo hiyo safisha banda na uchome nyasi za kulalia, kwa sababu mdudu wa ukurutu wa masikio anaweza kuishi nje ya mnyama hadi wiki tatu. Maganda ya masikioni usiyabandue. Yanauma mno, na dawa ikifanya kazi yatadondoka yenyewe. Duara lisilo na manyoya usoni huenda likawa choa, na linaambukiza watoto: vaa glavu, tafuta dawa ya fangasi. Vidonda chini ya nyayo mara nyingi vinatokana na sakafu ya waya, weka ubao. Jike mwenye mimba anayejing'oa manyoya ya kifuani anaandaa kiota, mwache. Usimwogeshe sungura. Usimpulizie fipronili ya kuulia viroboto wa mbwa, kwake ni sumu. Usimnyweshe amoksilini iliyobaki ya mtoto, inaua bakteria wa utumbo wanaomwezesha kuishi. Kama ulishampaka oili, mfute kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo ya kuoshea vyombo, sehemu iliyopakwa tu, mkaushe vizuri, umlete. Na ukimwona amepinda kichwa upande mmoja, au hajagusa majani tangu jana usiku, mlete leo.