Uso Unabambuka na Kupauka? Cheki Hii Kabla Uchome Doh kwa Krimu Nyingine

Baridi ya Julai ikishika Nairobi, unajua vile huwa. Asubuhi unapaka mafuta, unatoka keja uking'aa. Kufika saa nne uko job ama class, unajicheki kwa simu unapata pua iko na maganda, kando ya mdomo kumepauka, na ukicheka unasikia ngozi imevutika kama ngozi ya ngoma. Hapo ndio watu huanza kupanic. Huyu anaagiza serumu ameona TikTok, yule anaenda stall tao kuchanganyiwa krimu, mwingine anajisugua na sukari mpaka uso unawaka moto.

Tulia kwanza, msee. Ngozi kavu haitaki doh mingi. Inataka ujue inakosa nini, na ujue kusoma kile kimeandikwa nyuma ya kopo. Na si pesa tu utapoteza ukikosea. Kuna krimu zinauzwa mtaani zinaweza kukuharibia uso kwa miaka. Rada yote ndio hii.

Kwa nini uso unabambuka?

Chukulia safu ya juu ya ngozi yako ni ukuta wa mawe. Mawe ni seli zilizokufa, na simiti ya kuzishika ni mafuta ya mwili wenyewe, mojawapo yakiitwa seramidi. Simiti ikiwa fiti, maji yanabaki ndani na uchafu unabaki nje. Simiti ikitoboka, maji yanatorokea hewani, mawe yanakauka, yanaanza kutoka moja moja. Hayo ndio maganda unaona kwa pua.

Baridi na hewa kavu hutoboa hiyo simiti. Nairobi iko juu, karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, kwa hivyo hata siku ya baridi jua likitokea linachoma. Ongeza ile shawa ya maji moto kama ya chai unaogea asubuhi. Na nyinyi wa Mombasa msicheke: nje jasho linatiririka sawa, lakini ukikaa chini ya AC siku nzima, uso unakauka tu.

Lakini mkora mkubwa ni sabuni. Ngozi ya uso hupenda asidi kidogo, pH karibu 5. Sabuni nyingi za kipande ziko pH 9 hadi 10. Kila ukijipaka hiyo usoni, unayeyusha simiti yako mwenyewe. Ile hali ya uso kuvutika ukimaliza kunawa si usafi. Ni ngozi imeporwa mafuta yake.

Hakikisha ni ukavu kweli

Hapa ndio wengi huingia box. Si kila ganda ni ngozi kavu, na ukitibu kitu si yake, utanunua makopo mpaka uchoke.

Kama uso wote unavutika, umepauka, maganda ni madogo na meupe, na ukipaka mafuta unapata nafuu, hiyo ni ngozi kavu. Endelea kusoma, dawa yako iko hapa chini.

Kama maganda yako na mafuta mafuta, yamekaa kwa nyusi, kando ya pua, nyuma ya masikio ama ndani ya ndevu, na kichwani una mba, hiyo ni stori tofauti. Inahusiana na aina ya hamira inayoishi kwa ngozi ya kila mtu, yako imezidi tu. Kwa ngozi nyeusi inaweza kuonekana kama mabaka yaliyofifia rangi. Mafuta mazito hayatamaliza hiyo. Uliza mfamasia kuhusu shampuu ama krimu yenye "Ketoconazole".

Kama ni duara lenye ukingo ulioinuka, linawasha na linaendelea kupanuka, fikiria choa, ile watu huita ringworm. Inatibiwa na dawa ya fangasi.

Na kama ulianza juzi kutumia dawa ya chunusi kama "Benzoyl Peroxide", "Adapalene" ama "Retinol", huenda hiyo dawa ndiyo inakubambua. Punguza siku za kuipaka na uongeze mafuta. Ukiwa mjamzito ama unapanga mimba, hizo za Retinol na Adapalene weka kando kabisa.

Vitu tatu za kutafuta nyuma ya kopo

Sahau maneno ya mbele. "Glow", "repair", "royal", hizo ni za kuuza. Geuza kopo usome orodha ya viungo. Huwa vinapangwa kuanzia kile kiko kingi zaidi kwenda kile kidogo, kwa hivyo majina ya juu ndio unalipia.

Ya kwanza ni ya kuvuta maji. Tafuta "Glycerin", "Urea" ama "Sodium Hyaluronate". Hizi hushika maji na kuyaweka kwa ngozi. Urea ya usoni iwe ya chini, asilimia 5 hivi. Ile ya asilimia 20 na kuendelea ni ya visigino vilivyopasuka, usijaribu kuipeleka usoni.

Ya pili ni ya kuziba nyufa za ukuta. Hapa utaona "Ceramide", "Squalane" ama "Butyrospermum Parkii", ambayo ni shea tu imeandikwa kwa jina la kisayansi. Hizi ndio hufanya uso uguswe laini.

Ya tatu ni kifuniko cha kuzuia maji yasitoroke. Tafuta "Petrolatum" ama "Dimethicone". Petrolatum ndio ile jelly shosh alikupaka ukiwa mtoto mpaka ukang'aa kama kioo. Jina la Vaseline limekuwa sokoni tangu miaka ya 1870, na hadi leo madaktari wa ngozi bado wanaipendekeza, kwa sababu vitu vichache sana huzuia maji kutoroka kuishinda.

Krimu nzuri ya ngozi kavu huwa na hizo zote tatu. Ukipata zote kwa kopo la bei ya chini, hulazimiki kununua la bei ya juu.

Sasa za kukimbia. Ukiona "Parfum" ama "Alcohol Denat" iko juu kwa orodha, rudisha kopo kwa rafu. Harufu tamu huwasha ngozi iliyopasuka, na hiyo alkoholi huikausha zaidi. Lakini "Cetyl Alcohol" na "Cetearyl Alcohol" zisikutishe. Jina linafanana tu, hizo ni mafuta ya kulainisha.

Sapa imekushika? Mpango uko

Huna doh ya zile krimu za maelfu? Sawa tu. Nunua glisirini ya kawaida na jelly isiyo na marashi, zote ziko supa. Arimis, ambayo ilianza kama jelly ya kukamulia ng'ombe, imepakwa na Wakenya wengi na hakuna mtu amelia.

Nawa uso na maji ya vuguvugu. Usiukaushe kabisa, gonga gonga tu na taulo ubaki na unyevu. Weka matone mawili matatu ya glisirini kwa kiganja, changanya na maji kidogo, paka. Usiipake ikiwa kavu kavu bila maji, kwa sababu kukiwa na hewa kavu inaweza kuvuta maji kutoka ndani ya ngozi yako. Halafu chukua jelly kidogo sana, kama punje ya hindi, isugue kwa viganja na uibandike juu. Fanya haya yote ndani ya dakika tatu hivi baada ya kunawa, kabla maji yatoroke.

Kama uso wako huleta chunusi, jelly iende kwa sehemu kavu pekee, usiku pekee. Ndio, unaweza kuwa na chunusi na ukavu kwa uso mmoja. Hapo krimu nyepesi yenye Glycerin na Ceramide itakufaa kuliko jelly.

Asubuhi, kama hukujipaka vitu vingi usiku, maji pekee yanatosha kunawa. Usiku tumia kiosheo cha uso kisicho na povu jingi na kisicho na harufu. Halafu sanskrini ya SPF 30 kabla utoke. Wazee husema jelly inachoma uso ukitembea juani. Ukweli ni kwamba jelly haikukingi na jua, na jua ndio huacha yale madoa meusi pale ngozi ilibambuka.

Kitu ingine: bidhaa mpya usiirushe uso mzima siku ya kwanza. Paka kidogo ndani ya mkono ama nyuma ya sikio, ngoja siku mbili. Isipowasha, endelea. Na uipee muda. Ngozi hujijenga upya kwa karibu mwezi, kwa hivyo kubadilisha krimu kila wiki ni kujizungusha.

Machali, hii ya kinyozi ni yenu

Unanyolewa, unapigwa skrabu, unapakwa spirit, unafunikwa taulo moto, halafu unashangaa ndevu zinamwaga unga. Spirit inakausha ngozi ambayo wembe umetoka kukwaruza. Mwambie kinyozi wako aruke skrabu na spirit. Muhimu ni mashine iwe safi, kwa hivyo hiyo spirit aimwage kwa mashine, si kwa shavu lako. Ukifika keja, nawa na upake krimu isiyo na harufu hadi ndani ya ndevu, iguse ngozi.

Na wote, madem kwa machali: wacheni kubambua maganda na kucha, sukari ama ndimu. Ndimu ni asidi kali, baking soda iko upande ule mwingine wa kipimo, na zote mbili zinaumiza ngozi. Maganda yataanguka yenyewe ukuta ukipona.

Ile krimu ya kuchanganyiwa: hapa ndio noma iko

Unaingia stall, unaonyesha uso, unaambiwa, "Nitakuchanganyia kitu, siku tatu utakuja kunishukuru." Unapewa kikopo hakina jina wala orodha ya viungo. Na kweli, siku ya tatu uso ni laini, maganda yameisha, watu wanauliza siri. Wengine waliingia wakitaka tu uso laini, wakatoka na rangi ya thao ambayo hawakuitisha.

Kinachofanya kazi hivyo haraka mara nyingi ni steroidi. Kwa lebo huandikwa "Clobetasol" ama "Betamethasone". Ni dawa halali daktari akikuandikia, kwa muda mfupi na kwa sababu maalum. Ukiipaka usoni kila siku, ngozi inakonda kama karatasi, mishipa inaonekana, chunusi zinajaa, hata nywele zinaweza kuota mahali hazikuwa. Ukiacha, uso unawaka na kuwasha kuliko mwanzo, kwa hivyo unarudi kwa stall kununua ingine. Umeshikwa. Na kama maganda yako yalikuwa ni choa, steroidi inaituliza juu juu huku ikisambaa.

Kuna mbaya zaidi. Zebaki, ambayo kwa lebo inaweza kuitwa "Mercury" ama "Calomel", hupenya ngozi na kuharibu figo. Kwa mama mjamzito ni hatari kwa mtoto aliye tumboni. Haidrokwinoni nayo ikitumiwa kiholela kwa muda mrefu inaweza kuacha weusi wa bluu usiotoka kirahisi. Kenya imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, lakini bado zinapatikana kwa mlango wa nyuma.

Kwa hivyo sheria ni rahisi: kopo halina orodha ya viungo, halipiti kwa uso wako. Nunua kwa kemisti ama supa inayojulikana, cheki kama muhuri umefunguliwa, cheki tarehe. Alama ya ubora ya KEBS huwa na namba ya kibali. Ukiwa na shaka, tuma SM# na hiyo namba kwa 20023 ujue kama ni ya ukweli. Krimu ya jina kubwa ikiuzwa robo bei barabarani, jiulize kwa nini.

Kama tayari umetumia hizo mixture kwa miezi, usijilaumu na usijitibu na ingine. Beba kikopo chenyewe umpelekee daktari wa ngozi, ajue anapigana na nini.

Lini uende hospitali?

Enda ukiona usaha, nyufa zinazotoa damu, macho ama midomo imevimba, ama maganda yanayowasha mpaka hulali. Enda pia kama umefuata haya yote kwa mwezi na hakuna mabadiliko, ama kama maganda yalikuja ghafla na makali. Wakati mwingine ngozi ndio ya kwanza kuonyesha kuna kitu ndani ya mwili, na daktari anaweza kutaka vipimo.

Wengine wote, anza leo usiku: maji ya vuguvugu, kiosheo kisicho na harufu, krimu uso ukiwa bado na unyevu. Na kuna msee kwa mbogi yako amenunua ile ya siku tatu wiki hii. Mtumie hii aisome kabla afungue kopo.