Kupanda Kilima Ukiwa Kitandani

Mchuma chai wa Nyaramba, kule Kaunti ya Nyamira, anapanda kilima na mzigo wa majani mabichi mgongoni kuelekea kituo cha kununulia. Nusu ya njia kifua kinambana. Anatua mzigo, anapumzika, maumivu yanapoa, anaendelea. Nyumbani husema ni vidonda vya tumbo, au ni uzee. Mimi nikisikia habari ya namna hiyo, moyo ndio ninaouulizia kwanza.

Moyo nao hulishwa damu kwa mishipa yake, myembamba, iliyotambaa juu yake. Presha, sukari, sigara na lehemu hujenga utando ndani ya kuta za mishipa hiyo mwaka baada ya mwaka, njia ikabaki finyu. Mtu akiketi, damu inatosha. Akipanda kilima, haitoshi.

Korona humpandisha mgonjwa kilima hicho akiwa amelala kitandani. Homa huukimbiza moyo, huku mapafu yaliyoshambuliwa yakishindwa kuipa damu oksijeni ya kutosha. Moyo unadai zaidi, unapata pungufu. Tena, mwili unapopigana na kirusi, vita hivyo huweza kuudhoofisha ule utando mpaka upasuke, damu igande juu yake na mshipa uzibe. Na damu ya mgonjwa mahututi wa korona huwa nyepesi kuganda.

Mnamo Februari 2020, wataalamu wa China walichapisha hesabu ya wagonjwa 44,672 waliothibitishwa. Kwa jumla walifariki asilimia 2.3, miongoni mwa wenye maradhi ya moyo na mishipa, asilimia 10.5. Tuisome kwa uangalifu, maana wengi wenye moyo mgonjwa pia ni wazee, wana presha, wana sukari, na sehemu ya tofauti hiyo ni ya hayo.

Juni 2021, Nyamira na Kisii zilipokuwa kati ya kaunti 13 zilizowekewa kafyu kuanzia saa moja jioni, kulikuwa na hofu nyingine ambayo bado inanihuzunisha: kwamba baadhi ya vidonge vya presha humfungulia kirusi mlango. Chanzo chake kilikuwa cha kweli, kwani kirusi huingia kwenye seli kupitia protini ambayo inahusiana na kazi ya dawa hizo. Lakini majaribio yaliyolinganisha waliosimamishiwa vidonge na walioendelea hayakuona faida ya kuviacha. Anayeacha vidonge kwa hofu anauachia moyo wake presha isiyo na breki. Aspirini nayo, katika jaribio kubwa la Uingereza, haikupunguza vifo vya waliolazwa kwa korona. Aliyeandikiwa na daktari kwa ajili ya moyo, hiyo ni habari nyingine, na aendelee nayo.

Kinachonisumbua zaidi ni fomu ya kulazwa. Mchuma chai wetu akilazwa kwa korona na kuulizwa ana ugonjwa gani mwingine, atajibu hana, na hasemi uongo, kwa sababu hajawahi kupimwa hata presha. Basi mke au mwana aliyemsindikiza amwambie muuguzi kwamba mzee husimama katikati ya kilima akishika kifua. Kwa neno hilo daktari ataagiza kipimo cha umeme wa moyo, na pale maabara ina uwezo, troponini, protini inayovuja kwenye damu msuli wa moyo unapoumia.