Saa Isiyolala Ndani ya Jokofu la Chanjo

Kifaa kidogo cha kurekodi joto kinachowekwa ndani ya jokofu la chanjo hutakiwa kufanya kazi kwa muda mrefu kwa betri ndogo. Hilo huwezekana kwa sababu maikrokontrola, yaani kompyuta ndogo iliyo ndani yake, hulala karibu muda wote: huamka, hupima joto, huandika, kisha hulala tena. Aliyelala atajuaje muda uliopita?

Swali hilo si la mafundi peke yao. Kwa kawaida ya Shirika la Afya Duniani, kengele hutolewa joto likizidi nyuzi 8 za Selsiasi kwa saa 10 mfululizo, au likifika nyuzi 0.5 chini ya sifuri kwa dakika 60. Joto pekee halitoshi. Hukumu hutegemea muda.

Maikrokontrola inapolala, saa yake kuu husimama, na hesabu inayoitegemea husimama nayo. Hivyo hubakizwa saketi moja ndogo iliyo macho. Njia rahisi ni kiamshi cha ndani kinachoigutusha kila baada ya sekunde chache, nayo huhesabu imeamshwa mara ngapi. Ila kiamshi hicho huyumbishwa na joto pamoja na nguvu ya betri, na chaweza kukosea hata kwa asilimia 10. Kikichelewa kiasi hicho, saa 10 za kengele huwa takriban saa 11 za kweli.

Njia bora ni kipande cha kwazi, jiwe lile lile la saa za mkononi, kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Idadi hiyo ikigawanywa kwa mbili mara 15 hubaki moja, yaani sekunde moja kamili, na kazi hiyo hutumia umeme kidogo mno. Baridi ya jokofu huichelewesha kwazi kwa sekunde moja na ushee tu kwa siku.

Kosa la kalamu huwa kubwa zaidi. Kifaa huonyesha 14:00, mhudumu akaandika saa 8. Anayelinganisha baadaye husoma 08:00, na tayari pana tofauti ya saa 6. Afadhali kuandika “saa 8 mchana”, au 14:00 kama ilivyo.

Kengele ikilia, chanjo zisitumiwe wala zisitupwe papo hapo. Zitengwe mahali penye ubaridi unaofaa, na msimamizi aarifiwe joto na muda uliosomwa. Mzazi anayeombwa kusubiri aelezwe sababu. Alama ya mraba iliyo kwenye chupa nayo hujumlisha joto na muda bila betri, lakini kuganda haikuoni.